Mafuta ya mkaratusi, majani ya nyungu au dawa ya kopo: baridi hili la Arusha uchukue lipi

Juni ikiingia tu hapa Arusha unajua mambo yameanza, ukungu umelala mpaka saa nne asubuhi, daladala ya Ngaramtoni madirisha yamefungwa yote na watu wanakohoa, afu kwenye kila grupu la WhatsApp kuna mtu anauliza jamani mafua haya nitumie nini. Majibu ndo yale yale miaka yote. Mmoja atasema piga nyungu, mwingine pakaa Vicks, mwingine tafuta yale mafuta ya mkaratusi ya kwenye kachupa ka kahawia, na hamna anayekwambia hivi vitu vinaachana wapi. Vyote vinatoka kwenye mti mmoja, au tuseme vyote vinajidai vinatoka kwenye mti mmoja, lakini kazi zake hazifanani na hatari zake ndo kabisa hazifanani.

Kwaiyo hapa nimeviweka ubavu kwa ubavu vinne: kachupa ka mafuta ya mkaratusi wa kawaida, yaani Eucalyptus globulus, kachupa ka mkaratusi wa limau ambao siku hizi wataalamu wa mimea wanauita Corymbia citriodora, majani mabichi ya kujifukizia, na dawa ya kupaka ya kwenye kopo.

Mwenye haraka achukue hili aende: pua imeziba na we ni mtu mzima, kachupa ka globulus. Mbu, ule wa limau. Mfuko umekauka, majani, ila ujue unachuma mti gani. Mtoto wa miaka miwili kupanda juu, dawa ya kopo kifuani. Mtoto chini ya miaka miwili, hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na nitaeleza kwa nini huko chini. Mwenye muda tuendelee.

Kwanza huu mti sio wetu

Watu wengi wanadhani mikaratusi, au milingoti kama wengine tunavyoiita, imekuwepo hapa Meru na Kilimanjaro tangu enzi za mababu. Hapana bana. Kwao ni Australia, na kuna aina zaidi ya 700, chache sana ndo zinatokea visiwa vya jirani kama Timor, Papua New Guinea na Ufilipino. Wenyeji wa Australia walikuwa wanatumia majani yake kwa homa na vidonda zamani sana kabla mzungu hajafika. Afu Waingereza walipotua Sydney mwaka 1788, daktari wao John White akachemsha majani ya mkaratusi mmoja wa pale akakinga mafuta, akayatumia kwa wagonjwa wa tumbo. Tumbo! Leo ukimeza kijiko cha mafuta ya mkaratusi unakimbizwa hospitali, ila ndo walivyoanza.

Biashara yenyewe ilikuja baadaye. Kulikuwa na mfamasia mmoja, Joseph Bosisto, kazaliwa Uingereza akahamia Australia 1848, mwaka 1852 akafungua mtambo wa kukeneka mafuta karibu na Melbourne kwa kushauriwa na mtaalamu wa mimea Ferdinand von Mueller. Jina la Bosisto mpaka leo liko kwenye chupa. Miaka hiyo hiyo ya 1800 mti wenyewe ukaanza kusambazwa duniani, na kilichousambaza sana ni malaria, maana watu waliamini harufu ya mkaratusi inasafisha hewa mbaya inayoleta homa. Watawa wa Tre Fontane pale Roma walipanda mikaratusi kwenye mabwawa yao kwa imani hiyo. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba mti unakunywa maji kinoma, bwawa linakauka, mbu wanakosa pa kuzalia. Harufu haikuwa na kazi yoyote hapo. Ni tabia hiyo hiyo ya kunywa maji inayofanya leo serikali iseme mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji.

Huku kwetu Afrika Mashariki iliingia na wakoloni kwa ajili ya kuni, nguzo na mbao. Ethiopia ilikuwa Mfalme Menelik wa pili miaka ya 1890, Addis Ababa ilikuwa imeishiwa kuni. Kumbuka hilo neno kuni na nguzo maana ndo linaamua kama nyungu yako itafanya kazi au utakuwa unavuta mvuke mtupu.

Globulus na limau: chupa mbili, jina moja, kazi mbili

Hapa ndo watu wanaliwa hela. Unaenda dukani unaomba mafuta ya mkaratusi unapewa chupa, unafika nyumbani unaweka kwenye maji ya moto, inanukia kama sabuni ya kuoshea vyombo na pua haifunguki hata kidogo. Sio feki. Umepewa ule wa limau.

Ule wa kawaida, globulus, kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa sineoli, wengine wanaandika yukaliptoli, ni kitu kile kile. Ndo ile harufu kali ya baridi inayopanda mpaka kwenye macho. Vitabu rasmi vya dawa vya Ulaya vinataka mafuta ya mkaratusi ya kutibia yawe na sineoli kuanzia asilimia 70, na ndo maana kwenye chupa zingine unakuta namba kama 70/75 au 80/85, hiyo sio namba ya bechi, wanakwambia sineoli ni asilimia ngapi. Ukiiona hiyo namba chukua, mwenye chupa anajua anachouza.

Ule wa limau sineoli ni kidogo sana. Wenyewe umejaa sitronelali, mara nyingi zaidi ya asilimia 65, na sitronelali ndo inayomkera mbu. Kwa mafua hauna jipya, kwa mbu ndo mahali pake.

Ila hapa kwenye mbu pia pana ujanja, maana wauzaji wanachanganya vitu viwili. Kuna mafuta yenyewe ya limau kama yalivyokenekwa, afu kuna dawa iliyotengenezwa kutokana nayo ambayo kwenye lebo inaandikwa PMD. Wachina ndo walioigundua, kwenye yale masalia yanayobaki mafuta yakishakenekwa. Mafuta ghafi yanapeperuka haraka, ukipakaa kama saa moja hivi mbu amesharudi. PMD inakaa masaa kadhaa na ndo hiyo shirika la afya la Marekani la CDC limekuwa likiitaja kama dawa inayokubalika ya kufukuza mbu tangu 2005. Kuna utafiti ulitoka 2007 kwenye jarida la BMJ, walijaribu huko Bolivia, waliolala kwenye chandarua chenye dawa na kupakaa PMD jioni walipata malaria ya aina ya vivax pungufu kwa asilimia 80 ukilinganisha na wenye chandarua peke yake. Lakini soma vizuri, vivax. Malaria inayotusumbua sisi ni aina nyingine, falciparum, na kwenye hiyo tofauti waliyoiona haikuwa ya kuitegemea. Kwaiyo ukiwa unashuka sehemu za mbu kama TPC, Kahe au Mto wa Mbu, pakaa jioni ukiwa umekaa nje, hamna shida, ila chandarua kiko pale pale. PMD watoto chini ya miaka mitatu wasipakwe.

Kuna na mkaratusi wa tatu utaukuta kwenye maduka ya vitu vya spa, radiata. Wanauuza kama mpole, wa watoto, na bei imechangamka. Harufu ni laini kweli. Ila sineoli yake inacheza asilimia 60 na kitu mpaka 70, yaani ni ile ile. Mimi sioni sababu ya kuongeza hela hapo, na huo upole wa kwenye lebo usikudanganye ukampaka mtoto.

Kachupa na majani ya nyungu

Hii ndo mechi yenyewe kwa watu wa huku. Nyungu tunaijua wote, na tangu 2020 kila nyumba ina utaalamu wake, majani ya mkaratusi, mchaichai, limao, tangawizi, mwingine anaongeza na majani ya mpera, sufuria inatolewa jikoni inachemka, blanketi juu, unatoka humo umelowa kama umenyeshewa Kibosho.

Faida ya majani iko wazi, ni bure au ni hela ya nyanya tu. Shida ni kwamba mikaratusi mingi inayotuzunguka, kuanzia barabara ya Ngaramtoni, huko Olmotonyi kwenye misitu ya chuo, mpaka mashamba ya watu Machame na Marangu, ilipandwa kwa ajili ya nguzo, mirunda na kuni. Hiyo mara nyingi ni grandis na saligna. Inakua haraka, inanyooka, mkulima anafurahi, ila mafuta kwenye jani ni kiduchu na yaliyomo yanaelemea zaidi kwenye pineni, ile harufu ya msindano au tapentaini. Sineoli unaitafuta kwa tochi. Ndo maana wawili wanapiga nyungu ya mkaratusi, mmoja anatoka pua nyeupe, mwingine anasema hamna kitu, na wote wanasema ukweli.

Nilimuuliza mama mmoja anauza majani pale soko la Kilombero, hapa hapa Arusha.

"Shikamoo mama, huu mkaratusi ni wa aina gani?"

"Marahaba baba. Mkaratusi ni mkaratusi tu, we chemsha utapona."

Sasa hapo utabishana naye? Chukua jani moja likunje, lisugue kwenye vidole ulinuse. Ikipanda harufu ya baridi kali mpaka puani, sawa. Ikija limau, peleka kwenye mbu au weka tu nyumba inukie. Ikija harufu ya majani tu na katapentaini kwa mbali, hiyo achia wajenzi. Ukiukuta mti wenyewe, globulus ni rahisi kuutambua: machipukizi yana majani ya mviringo yamekaa mawili mawili yamebana kwenye kijiti bila kikonyo, rangi ni kijani cha bluu na kaunga kama kamepakwa, ila majani ya mti uliokomaa ni marefu yamepinda kama mundu. Matunda yake ni makubwa, magumu, yana manundu, mara nyingi limekaa moja moja. Ukiona vitunda vidogo vidogo vimekaa kwa mafungu, huo ni wa nguzo. Ule wa limau gome lake ni laini, jeupe, shina limesimama linang'aa, ukipita chini mvua ikiwa imetoka kunyesha utajua tu.

Kingine ni kipimo. Jani lina mafuta kama asilimia 1 mpaka 3 hivi ya uzito wake, kwa ile aina nzuri, na humjui huyu wako yuko wapi, kwaiyo sufuria ya leo na ya kesho hazifanani. Kachupa unahesabu matone. Kwa mtu mzima matone matatu au manne kwenye bakuli la maji ya moto yanatosha, na maji yawe yametoka jikoni yametulia kidogo, sio yanatokota. Fumba macho, kaa mbali kidogo na bakuli, dakika tano mpaka kumi, basi. Watu wanamwaga nusu chupa wakidhani dawa ni nyingi kumbe wanaunguza macho na koo.

Upande wa hatari kwenye hii mechi majani yana jambo moja zuri, ni vigumu mtu kujizidishia sumu kwa majani. Ila nyungu yenyewe inaunguza. Sufuria ya maji yanayochemka katikati ya miguu, blanketi juu, giza, mtoto kakaa pembeni anacheka, teke moja tu. Na kuna hili la baridi la huku linalofanya watu waingize jiko la mkaa chumbani ili nyungu isipoe, madirisha yamefungwa. Aisee hilo hapana kabisa. Moshi wa mkaa ule usioonekana unaua watu wamelala, mafua hayajawahi kukufikisha huko. Jiko libaki nje.

Na nyungu ya kuchangia familia nzima chini ya blanketi moja wakati mmoja ana mafua, mnapeana tu.

Kwa kifupi kama una globulus shambani kwako, endelea na majani, umebarikiwa. Kama unanunua majani bila kujua ni mti gani, hela hiyo hiyo ikusanye siku chache uchukue kachupa, kanakaa msimu mzima.

Kachupa na dawa ya kopo

Vicks na jamii yake watu wanaidharau kwa sababu kila duka la Mangi inapatikana, wanaona dawa kali lazima iwe imefichwa. Ukisoma ile ya Marekani imeandikwa kafuri asilimia 4.8, mentoli 2.6 na mafuta ya mkaratusi 1.2. Yaani mkaratusi humo ni kama chumvi kwenye mboga, kazi kubwa wanafanya kafuri na mentoli. Anayekwambia "Vicks si ndo mkaratusi huo huo" mwambie asome kopo.

Lakini kwa kulala usiku mimi naipa kopo. Imeshachanganywa, huna haja ya kupima, haimwagiki, inatoa harufu taratibu ukiwa umelala. Na kuna utafiti, jarida la Pediatrics 2010, watoto 138 wa miaka 2 mpaka 11 wenye mafua na kikohozi, waliopakwa dawa ya aina hii kifuani na shingoni walilala vizuri kuliko waliopakwa vaselini tupu au wasiopakwa kitu, kwa maelezo ya wazazi wao. Baadhi iliwawasha kidogo. Hiyo ni faida ndogo ila ni ya kweli, na mzazi aliyekesha anajua usingizi wa usiku mmoja una thamani gani.

Kuipaka puani ndani, au chini ya pua ya mtoto mdogo, acha. Kuna kisa kiliandikwa na madaktari wa Marekani 2009, mtoto wa miezi 18 alipakwa chini ya pua akaanza kuhema kwa shida mpaka akapelekwa hospitali. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, ikichokozwa inatoa ute na kuvimba, inaziba zaidi badala ya kufunguka. Ndo maana kopo lenyewe linasema kuanzia miaka miwili, na ndo maana hapo juu nimesema chini ya miaka miwili hakuna hata kimoja. Na sio kopo tu, kachupa ni kali kuliko kopo mara nyingi sana, kwaiyo bibi akisema mdondoshee mtoto tone kwenye nguo ya kulalia, mheshimu bibi, mwambie sawa bibi, afu usidondoshe. Mtoto wa umri huo msafishe pua na maji ya chumvi ya matone, mnyonyeshe sana, na akihema haraka au mbavu zinaingia ndani ni hospitali usiku huo huo.

Kwa misuli na viungo, tuseme umetoka kubeba mahindi au umepanda mlima na wageni magoti yanapiga kelele, chupa na kopo vinakaribiana. Ukitumia chupa ichanganye kwenye mafuta ya nazi au alizeti, au ya parachichi kama unayo, matone 12 hivi kwenye mililita 30 inakupa kama asilimia 2. Usipake yenyewe tupu kwenye ngozi, itakuchoma, na usipake ukiwa umeoga maji ya moto sana au juu ya kidonda. Inachofanya ni kupasha na kuichanganya akili isisikie maumivu kwa muda. Haiponyi goti lililovimba.

Sasa kwenye mafua kwenyewe inafanya nini

Hapa nikuambie kitu ambacho wauzaji hawakipendi. Ile pua kufunguka ukivuta mkaratusi, sehemu kubwa ni hisia. Sineoli na mentoli zinagusa vile vipokezi vya baridi ndani ya pua, ubongo unasema hewa inapita. Mwaka 1983 watafiti Uingereza walipima kabisa, watu waliovuta kafuri, mkaratusi na mentoli walisema pua imefunguka, ila kipimo cha hewa inayopita hakikubadilika. Mimi hilo halinisumbui, mtu akisikia nafuu akalala, amelala kweli. Ila usije ukasema mkaratusi unaua virusi vya mafua ndani ya mwili wako, mafua yataisha yenyewe ndani ya wiki hivi, uvute usivute.

Kuna upande mwingine ambao ni dawa ya ukweli, vidonge vya sineoli. Ujerumani vinauzwa famasi, miligramu 200 mara tatu kwa siku, vimetengenezwa visifunguke mpaka vipite tumbo. Utafiti wa 2003 ulichukua wagonjwa 32 wa pumu wanaotumia vidonge vya steroidi kila siku, wiki 12, waliopewa sineoli waliweza kupunguza steroidi kwa asilimia 36, wenzao waliopewa kidonge tupu asilimia 7. Mwaka 2004 ukaja mwingine kwa watu wa sainasi, nao wakapata nafuu. Ni vizuri. Ila watu wanalisoma hilo afu wanachukua kachupa ka sokoni wanadondoshea kwenye chai. Kidonge kile kimepimwa, kina koti, na mgonjwa yuko chini ya daktari. Kachupa kako hakana hata kimoja cha hivyo.

Kumeza mafuta ya mkaratusi ni sumu, sipunguzi neno. Kwa mtoto hata mililita chache, kijiko kimoja cha chai tu, inaweza kumletea kutapika, kusinzia, degedege na kupoteza fahamu, na inaanza haraka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Akimeza usimtapishe, usimpe maziwa eti yapoze, chukua chupa yenyewe mkononi uende nayo hospitali, Mount Meru, KCMC, popote palipo karibu. Kachupa kakae juu kabatini, mbali na dawa za kikohozi za maji maana usiku umeme umekatika vinafanana.

Mwenye pumu awe makini pia. Wengine inawasaidia, wengine ile harufu kali ndo inawabana kabisa. Kama una pumu anza na kunusa kwa mbali kwenye leso, usianze na kujifunika blanketi. Mwenye kifafa akae mbali nayo, mjamzito aulize kliniki kwanza, na kama una paka ndani usiwashe ile mashine ya kupuliza mafuta hewani usiku kucha, paka mwili wake haumudu haya mafuta.

Unanunuaje

Kwa Arusha na Moshi njia ni tatu. Famasi kubwa za mjini, maduka ya spa na vipodozi vya asili, na wale wanaotembeza kwenye beseni stendi na sokoni, Kilombero au Mbuyuni kule Moshi. Mimi naanza na famasi, kisha duka. Wa beseni simkatazi mtu, ila soma chupa. Nataka nione jina la kilatini la mti, mililita, tarehe ya kuisha na jina la aliyetengeneza. Chupa iwe ya kioo cha rangi, kahawia au bluu, mwanga na hewa vinaharibu haya mafuta, na yaliyoharibika ndo yanawasha ngozi zaidi. Iliyoandikwa tu "mafuta ya mkaratusi, inatibu presha, sukari, nguvu za kiume na mafua", weka chini uondoke.

Afu ujue kwamba mafuta mengi ya mkaratusi duniani sasaivi yanatoka China, na sehemu yake yanatokana na mti wa jamii ya mkafuri wenye sineoli nyingi, sio mkaratusi kabisa. Kwa mafua kiukweli hautaona tofauti kubwa kwa sababu sineoli ni sineoli, ila kama umelipia bei ya globulus ya Australia unastahili kupata globulus ya Australia.

Kipimo cha haraka dukani, omba karatasi nyeupe udondoshe tone moja. Mafuta safi yanapeperuka, ukirudi baadaye karatasi imebaki bila alama ya mafuta, au kakivuli tu. Ikibaki duara la mafuta kama karatasi ya chipsi, kuna mtu kaongezea ya kupikia. Kipimo hiki hakikamati aliyeongeza tapentaini kwa sababu nayo inapeperuka, hiyo pua yako ndo itaikamata, ikinuka kama rangi ya mbao rudisha. Na chukua chupa ndogo, mililita 10, hata kama kubwa inaonekana ni nafuu. Mpaka Agosti iishe hautakuwa umeifikisha nusu.